Uliza urefu wa hatua kabla ya kuuliza nauli: kutoka Kitengela hadi baharini kwa magongo

Tangu mguu wangu wa kushoto udhoofike baada ya ajali kwenye barabara ya Namanga, watu wengi hapa Kitengela wameniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba mambo ya bahari niyasahau. Sikuyasahau. Nimevuka Likoni, nimepanda mashua na jahazi, na Mungu akipenda nitapanda tena. Namwandikia jirani yangu yeyote wa Kajiado anayetembea kwa mkongojo, magongo, fremu au kiti cha magurudumu, pamoja na jamaa zake wanaompenda mpaka wanamfungia nyumbani.

Ukishaketi ndani ya chombo, wewe na mwenye miguu mizima mko sawa. Wimbi likija linawatikisa nyote. Kazi iko pale kitu kimoja kinapoishia na kingine kuanza: kutoka ardhini kuingia matatu, kutoka stesheni kuingia behewa, kutoka gati kuingia chomboni. Mapengo hayo ndiyo ya kupanga, tena ukiwa bado nyumbani.

Anza kwa kujipima. Mimi nilisimama kwenye ngazi, mkono mmoja ukutani, nikatafuta hatua ya juu kabisa ninayoweza kupanda bila kuvutwa na mtu. Kisha nikazungushia gongo langu utepe mwekundu kwa urefu huo huo. Wangu uko sentimita 25 kutoka chini. Sasa nikifika mbele ya ngazi nasimamisha gongo kando yake na kutazama. Hatua ikiwa chini ya utepe, napanda mwenyewe. Ikiupita, naomba msaada kabla sijajaribu, wala sibishani na mtu.

Utepe huo umenisaidia hata kwenye simu. Ukimwuliza nahodha kama chombo chake kinamfaa mlemavu, atajibu ndiyo, kwa sababu ni mkarimu na anatafuta riziki. Muulize hivi: "Hatua ya kuingilia inakufika wapi mguuni, kwenye kifundo, ugoko au goti? Kuna pa kushika? Upande wa kulia au wa kushoto?" Halafu mwombe akutumie picha kwa WhatsApp, mtu akiwa amesimama kando ya chombo pale pale abiria wanapopandia. Picha ya tanga likipepea katikati ya maji haitakuambia unachohitaji kujua.

Pengo la kwanza liko hapa hapa stejini. Wakati wa mvua udongo mweusi wa Kitengela hujaza raba ya chini ya gongo, na raba iliyojaa tope huteleza kwenye ngazi ya chuma ya matatu. Beba kitambaa, ifute kabla ya kupanda. Kwenye matatu ya viti 14 mimi huomba kiti cha kwanza karibu na mlango. Natanguliza makalio, miguu inafuata. Mwambie kondakta mapema, kwa sauti ya kusikika: "Nipe dakika moja, usigonge gari mpaka niseme twende." Wengi huelewa. Lakini siku ya safari ndefu, afadhali kukodi gari dogo hadi stesheni ya treni ya Syokimau na kuzitunza nguvu zako kwa ajili ya mbele.

Kwa kwenda Pwani napendekeza treni ya SGR kuliko basi, bila kusita. Tangu 2017 reli hiyo imetupa watu wa magongo kitu ambacho basi halina: nafasi ya kusimama na kunyoosha mguu njiani, na jukwaa lililo karibu usawa na sakafu ya behewa. Tiketi unaikata kwa simu kupitia *639# na kulipa kwa M-Pesa. Tangu Januari 2024 nauli ya kawaida kati ya Nairobi na Mombasa imekuwa shilingi 1,500, na daraja la kwanza shilingi 4,500. Najua tofauti hiyo ni pesa nyingi. Ila viti vya kawaida vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, abiria wakitazamana goti kwa goti, na mguu usiokunjika hukosa pa kukaa kwa saa 5 nzima. Kama goti lako halikunji vizuri, subiri mwezi mmoja zaidi ukusanye hizo pesa.

Treni ya asubuhi, ile inayosimama vituo vya kati, hupita Athi River, na ukiangalia ramani utaona hapo ni karibu zaidi na Kitengela. Hata hivyo mimi huenda Syokimau. Athi River treni husimama kidogo tu na kuondoka, lakini Syokimau inakuwa imeegeshwa ikisubiri abiria, na unaingia kwa mwendo wako. Wenzetu wa Loitokitok na Kimana wanaotumia Emali hawana chaguo hilo. Wao wafike mapema, wamwonyeshe mhudumu namba ya behewa, na wasimame pale pale mlango wake utakapofungukia.

Jiandae pia kwa ukaguzi wa mizigo kabla ya kuingia stesheni. Mabegi hupangwa chini, mbwa wanayapitia, na abiria wanasubiri wakiwa wamesimama. Omba kiti. Mimi nimepewa kila nilipoomba, na sioni haya kuomba, maana Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma kwa njia inayofaa. Mizigo yote iwe kwenye begi la mgongoni. Mikono ni ya magongo.

Ukifika Mombasa, usiende majini siku hiyo hiyo. Mguu uliokaa garini na kwenye treni tangu asubuhi umevimba. Lala, uuinue juu ya mto, kesho ndiyo bahari.

Feri ya Likoni ni shule nzuri ya kuanzia, kwa sababu mtembea kwa miguu havuki kwa pesa na maji yenyewe unayavuka kwa dakika chache. Ugumu uko kwenye mteremko wa kushukia na kwenye bamba la chuma la feri linapogusa saruji. Geti likifunguliwa umati hutoka kwa kasi, kila mtu akitaka kuwahi, na gongo likipigwa teke hapo umeanguka. Usiingie katikati ya umati. Mwendee askari wa kivuko kabla geti halijafunguliwa, mwambie unahitaji kutangulia au kubaki nyuma. Mimi huchagua kubaki nyuma. Kwenye bamba la chuma weka gongo penye mikwaruzo, si penye maji wala mafuta, na ukishapanda tafuta nguzo au ukuta wa kuegemea.

Unaweza pia kuvuka ukiwa ndani ya gari dogo. Ukifanya hivyo, fungua mkanda, teremsha vioo, na dereva avute breki ya mkono. Nalisema hili kwa uzito. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kuzama, na mama na mtoto wake wakapoteza maisha. Sisi tusioweza kutoka haraka tuna sababu zaidi ya kujiandaa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wetu wa bara hatulijui, na ndilo linaloamua kama utapanda mashua kwa heshima au utabebwa: maji kujaa na maji kupwa. Mombasa, siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo hupita mita 3. Gati haliendi popote, lakini chombo hupanda na kushuka na maji. Mashua ile ile uliyoingia kwa hatua moja ndogo maji yakiwa yamejaa, baada ya saa 6 iko chini kabisa, na kuifikia ni kushuka ngazi zenye ukoko wa kijani unaoteleza.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, ni siku za maji mafu, ambapo maji hayajai sana wala hayapwi sana. Wavuvi huhesabu kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu: bamvua ni karibu na tarehe 1 na 15, maji mafu ni karibu na tarehe 8 na 22. Kuna jambo jingine lenye faida kubwa kwetu. Pwani ya Kenya, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 asubuhi, na saa 4 asubuhi ndiyo saa ambayo mashua nyingi za matembezi huondoka. Siku za maji mafu huwa kinyume: saa 4 au 5 asubuhi ndipo maji yanapojaa. Chagua basi wiki ya maji mafu, ondoka asubuhi, na urudi kabla ya alasiri kuingia sana. Thibitisha na nahodha, maana saa husogea kila siku, lakini ukimpigia simu ukimwambia "nataka siku za maji mafu" atajua anaongea na mtu aliyejiandaa.

Kuhusu kupanda kwenyewe, kanuni yangu ni keti kwanza, miguu baadaye. Mashua ikifungwa gatini, mbele na nyuma, yaani omo na tezi, naomba ishikwe na watu wawili isisogee. Naketi ukingoni mwa gati au kwenye ngazi iliyo usawa na mashua, natandika leso iliyokunjwa juu ya ukingo wa chombo, nateleza juu yake mpaka niwe nimeketi ndani, kisha naingiza mguu mzima, wa mwisho ule dhaifu, nikiuinua kwa mikono yangu mwenyewe. Magongo huingia mwisho, yakiwa yamefungwa pamoja kwa kamba, na kamba inafungwa kwenye mashua. Gongo likitumbukia baharini ukiwa mbali na nchi kavu, siku imeharibika.

Kijana wa Pwani ana adabu na haraka ya kusaidia. Akikuona tu atanyoosha mkono: "Mama, nipe mkono nikuvute." Usimpe. Anayekuvuta kwa mkono anaondoa uzito wako juu ya mguu mzima na kuutupa usikokutaka. Mimi humjibu: "Ahsante mwanangu, nipe bega. Simama hapa, usisogee, mimi ndiye nitakayekushika." Bega lililotulia ni kitu cha thamani sana. Kama hutembei kabisa na lazima ubebwe, beba leso mbili: moja ipite chini ya mapaja, nyingine mgongoni chini ya makwapa, watu wawili washike ncha, na wewe ndiye wa kuhesabu moja, mbili, tatu. Anayebebwa ndiye anayetoa amri. Vaa jaketi la kuokolea ukiwa bado gatini, si baada ya kuondoka.

Ndani, keti katikati au kuelekea tezi. Omo hupiga maji, na kila pigo unalisikia kwenye nyonga. Miguuni nimeona hakuna kinachoshinda akala zenye mkanda wa nyuma, kama zinavyouzwa soko la Kajiado. Mpira wa tairi unashika sakafu yenye maji na hautoki mguuni.

Mahali pa kwenda ni pengi. Ukitaka utulivu, chagua jahazi la chakula cha jioni kwenye mkono wa bahari wa Tudor, ambako maji hayana wimbi kubwa. Tamarind ya Nyali imejulikana miaka mingi kwa safari za namna hiyo. Shimoni na Kisite zinataka mwili uliozoea, maana huko ni bahari wazi. Lamu haina magari na vichochoro vyake ni vyembamba, vyenye ngazi na punda, kwa hiyo panga nyumba iliyo mbele kabisa ufukoni na uache mashua ikuzungushe. Ukiwa Mombasa na nafasi ikipatikana, fika Bombolulu, kwenye karakana za APDK, chama cha kuwahudumia wenye ulemavu wa viungo kilichoanzishwa 1958. Watu wenye ulemavu wanafanya kazi pale kwa ufundi wa hali ya juu, na mimi nilitoka nikiwa na maswali mapya kuhusu urefu sahihi wa magongo yangu.

Na kama watoto walio ng'ambo wamekuahidi ile meli kubwa ya utalii yenye ghorofa nyingi, maswali ni mawili. Chumba kina mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti? Vyumba hivyo ni vichache, vishikwe mapema. Na je, meli itafunga gatini katika kila bandari, au itatia nanga nje na abiria kushushwa kwa boti ndogo? Bahari ikichafuka, mwenye kiti cha magurudumu anaweza kukataliwa kuingia kwenye boti hiyo, akabaki melini wenzake wakitembea mjini. Ndani ya meli yenyewe kuna lifti na vishikio, na ni rahisi kuliko mashua yoyote niliyoitaja hapa.

Kuhusu majira, epuka upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti. Novemba ni nzuri, na Februari hadi katikati ya Machi bora zaidi. Kalenda ya mwezi ikikupa wiki ya maji mafu ndani ya Februari, kata tiketi za treni kwanza, kwenda na kurudi, kisha mpigie nahodha. Ya kurudi iwe ile ya saa 9 alasiri. Ya saa 4 usiku hufika Syokimau kabla ya alfajiri, na saa hizo magari ya Kitengela ni machache na wa kukupa bega hayupo.