MARYAM MURSAL: MWIMBAJI ALIYEENDESHA TEKSI

Ndugu msomaji, katika fasihi simulizi tunafundishwa kwamba msanii ni mdomo wa jamii. Swali langu ni hili: mdomo huo ukizibwa, msanii atafanya nini? Jibu nimelipata kwa jirani zetu wa Somalia, katika maisha ya Bi. Maryam Mursal.

Alizaliwa mwaka 1950, akakulia Mogadishu. Mwaka 1966, akiwa na miaka 16 tu, alianza kuimba katika klabu za usiku. Kazi hiyo ilikuwa ya wanaume, kwa hivyo msichana kupanda jukwaani haikuwa mchezo! Alichanganya nyimbo za kwao na midundo ya kigeni, mtindo ulioitwa jazi ya Kisomali. Aliimba pia na Waaberi, kundi kubwa la taifa.

Kisha akaimba "Ulimada", yaani wasomi. Kwa nje ulikuwa wimbo wa mapenzi. Kwa ndani uliikosoa serikali ya Siad Barre. Wahenga walisema, fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Wakubwa waliligangua, akapigwa marufuku kuimba kwa miaka miwili. Je, alikaa akilia? La hasha! Alishika usukani wa teksi, akatafuta riziki.

Mwaka 1991 serikali hiyo ilianguka na vita vikapamba moto. Bi. Maryam alitoroka na watoto wake watano, safari ya miezi saba kupitia Kenya na Ethiopia mpaka Jibuti. Sisi wa Garissa safari kama hizo tunazielewa, maana kambi za Dadaab zilianza mwaka huohuo. Hatimaye alipata hifadhi Denmark. Mwaka 1998, Real World, kampuni ya mwanamuziki wa roki Peter Gabriel wa Uingereza, ilitoa albamu yake The Journey, yaani Safari. Gitaa za umeme zilisikika, lakini sauti ilikuwa ileile.

Tunajifunza nini? Kwanza, kazi ya halali haimshushi mtu hadhi. Pili, mtu hunyang'anywa jukwaa, lakini kipaji hutembea nacho.

La tatu ni letu sisi wasichana. Chamani tunatunga mashairi, halafu siku ya tamasha wavulana ndio wanayakariri, eti sauti zetu ni ndogo. Walezi wetu, naomba mwaka ujao aliyetunga apande jukwaani mwenyewe.