Kabla ya kulipa programu, tutafute mtu wa kuuliza



Siku hizi kooperative nyingi zinataka kuacha kaye na kalamu, ziandike mazao na malipo ndani ya simu au kompyuta. Ni jambo zuri. Kaye inalowa mvua, inapotea, na kesiere akisafiri hakuna mwingine anayejua kuisoma. Lakini programu nayo inaweza kutuletea hasara. Tunalipa pesa, tunapewa kitu kizuri kwenye kioo cha simu, na kisha miezi miwili kila mtu amerudi kwenye kaye yake. Mara nyingi shida haikutoka kwa mashini. Ilitoka kwa sababu hakuna mtu aliyekuja kuuliza kazi yetu inafanyika namna gani.

Somo letu la leo ni juu ya huyo mtu wa kuuliza.

1. Mchambuzi ni nani?

Kwa mradi wa programu kuna watu wa namna tatu. Kuna wenye kazi: ndio sisi wakulima, mtu wa depo, kesiere, komite. Kuna fundi anayeandika programu. Na katikati yao kuna mtu wa tatu, anayeitwa mchambuzi wa biashara. Kazi yake ni kuelewa shida ya wenye kazi, kuiandika kwa maneno yaliyo wazi, na kuhakikisha kwamba kile fundi anachotengeneza kinajibu ile shida.

Yeye si mkubwa wa fundi, wala si mchuuzi wa programu. Ni kama mkalimani, lakini mkalimani anayeuliza: «Kwa nini mnafanya hivi? Na kama mtu hakuja siku hiyo, mnafanya nini?»

Sisi wa Goma tunajua maana ya kupima kabla ya kuchimba. Kwa ardhi yetu ya mawe ya volkano, mtu hapasui shimo la choo kwanza ndipo aulize nyumba itasimama wapi. Akisha kupasua jiwe, kuhamisha shimo ni kulipa mara mbili. Programu ni hivyo hivyo. Kubadilisha neno kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja. Kubadilisha programu iliyokwisha kuandikwa, na watu mia mbili wameshaandikwa ndani, ni kazi ya wiki nyingi na pesa nyingi.

2. Mfano wa majirani: M-Pesa

Wengi wetu tunatumia M-Pesa, ambayo Vodacom ilileta Congo mwaka 2012. Ilianzia Kenya, Safaricom ilipoifungua kwa watu wote mwezi wa tatu 2007. Lakini mwanzoni haikukusudiwa kuwa njia ya kutumiana pesa.

Kampuni ya Vodafone, ikisaidiwa na pesa za serikali ya Uingereza, ilikuwa na wazo lingine: watu waliokopa kwa shirika la mikopo midogo, Faulu Kenya, wapokee mkopo na kuulipa kwa simu. Jaribio lilianza mwezi wa kumi 2005, kwa wateja mia chache tu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioongoza kazi hiyo, hawakuishia kuangalia kama mashini inatembea. Waliangalia watu wanaitumia kwa jambo gani.

Waliona mambo mawili. La kwanza: watu walikuwa wanatumiana pesa wao kwa wao, jambo ambalo halikuwa lengo la jaribio. Wengine walikuwa wanaweka pesa kabla ya safari na kuitoa wanakofika, ili wasitembee nayo njiani. La pili: kwa upande wa Faulu kazi haikuwa rahisi. Hesabu za simu na hesabu zao za ofisi hazikuungana zenyewe. Na mteja aliyeweza kulipa kwa simu hakuona tena sababu ya kuja kwenye mkutano wa kikundi, na kumbe ni kwenye ule mkutano ndipo wenzake wanajuana na kushikana.

Basi ilipofunguliwa kwa watu wote, mkopo haukuwa mbele tena. Mbele kulikuwa kutuma pesa nyumbani. Hiyo ndiyo kazi ya uchambuzi: kukubali kwamba shida ya watu si ile uliyoifikiria ukiwa ofisini, na kugeuza mpango mapema.

Na sisi wa kooperative tuangalie lile jambo la mkutano. Programu inaweza kurahisisha malipo na wakati huohuo ikavunja kitu kinachotushikilia pamoja. Ni lazima mtu aulize hilo mapema.

3. Tuseme ni depo yetu Katoyi

Tuchukue mfano. Kooperative moja ya maharagi ina depo hapa Katoyi, na wakulima wake wako upande wa Masisi na Nyiragongo. Komite inamwambia fundi: «Tunataka programu ya kuandika mazao.» Fundi anakwenda, anatengeneza: jina la mkulima, kilo, bei, alama ya kidole. Kwa macho, imekamilika.

Sasa mchambuzi anakaa depo siku moja ya kupokea mazao. Hafundishi, anaangalia na kuuliza tu:

— Mama, hii mifuko ni ya nani?

— Iko ya watu watatu. Huyu wa chukudu amebeba tu.

— Na wenyewe wako wapi?

— Wako kwa mashamba. Watakuja siku ya malipo.

Papo hapo alama ya kidole imeshindwa. Mwenye mali hayupo depo siku mfuko unapofika. Ile programu ingemwandika mtu wa chukudu kuwa ndiye mkulima.

Anaendelea:

— Hapa umeandika Mama Furaha mara tatu.

— Ni Mama Furaha watatu. Mimi nawajua kwa sura.

Mashini haijui sura. Kwa hiyo kila mwanachama anahitaji namba yake.

— Bei mnaweka kwa dola ao kwa franka?

— Tunapatana kwa dola, tunalipa kwa franka.

— Kwa bei ya dola ya siku gani?

Hapo mtu wa depo anasema siku ya kupokea. Kesiere anasema siku ya kulipa. Tupige hesabu. Mwanachama ameleta maharagi ya dola 40. Tuseme siku ya kupokea dola moja ni franka 2.800, na siku ya kulipa ni franka 2.850. Kwa njia ya kwanza anapata 112.000, kwa njia ya pili anapata 114.000. Tofauti ni franka 2.000. Kwa wanachama 200 ni franka 400.000. Hiyo pesa inaweza kuzaa maneno ya wizi, na kumbe hakuna aliyeiba. Ni kanuni tu ambayo haikuandikwa.

Fundi hawezi kuamua kanuni hiyo, wala mchambuzi hawezi. Ni mkutano mkuu wa wanachama unaoamua. Kazi ya mchambuzi ni kuivumbua na kuileta mezani kabla programu haijaifunika.

Swali moja tena, na hili aliulize akiwa na akina mama peke yao: malipo yanaingia kwa simu ya nani? Kama mama ndiye amelima na namba iliyoandikwa ni ya bwana wake, programu itatuma pesa mahali pasipo pake kila msimu, bila kukosea hata mara moja.

4. Kuandika mahitaji

Baada ya kuuliza, mchambuzi anaandika. Sentensi kama «programu iwe rahisi na ya haraka» haifai, kwani hakuna anayeweza kuipima. Sentensi inayofaa inasema nani, anafanya nini, na tutajuaje kwamba imewezekana. Kwa mfano:

- Mtu wa depo aweze kuandika mifuko ya wakulima watatu iliyoletwa na mtu mmoja, na kila mwenye mali apate ujumbe wenye kilo zake siku hiyohiyo.
- Kazi ya kupokea iendelee hata kama hakuna rezo, na hesabu zipande zenyewe rezo ikirudi.
- Kesiere asiweze kubadilisha kilo zilizokwisha kupokelewa bila jina lake na sababu yake kubaki zimeandikwa.
- Mbegu alizokopeshwa mwanachama zionekane kwenye hesabu yake kabla ya malipo, ili aweze kubisha.
- Kwa kura, kila mwanachama ahesabiwe sauti moja, hata kama analeta mifuko mingi. Hivyo ndivyo sheria ya OHADA ya kooperative ya mwaka 2010 inavyotaka, na Congo imo ndani ya OHADA tangu 2012.

Karatasi hiyo isomwe kwa sauti mkutanoni, kwa Kiswahili chetu. Kama kuna sentensi ambayo wanachama hawaielewi, iandikwe upya.

5. Kujaribu kidogo kidogo

Tusingoje programu nzima ndipo tuione. Tumwombe fundi alete kipande cha kwanza, kwa mfano kupokea mazao tu. Tukijaribu kwa depo moja, siku ya mazao mengi, na watu halisi. Kaye iendelee pembeni msimu mmoja. Jioni tulinganishe: kaye inasema nini, mashini inasema nini? Tofauti zote ziandikwe. Malipo ya fundi nayo yafuate vipande: kipande kimekubaliwa, kipande kimelipwa.

6. Nani atafanya kazi hii kwetu?

Si kila kooperative inaweza kulipa mchambuzi aliyesomea. Hata hivyo kazi yenyewe isikose mtu. Tuchague wawili: mmoja anayejua depo na mmoja anayeaminiwa na wakulima wa mbali. Ni vizuri mmoja wao awe mama. Wasiwe ndugu wa fundi, na wasiwe wale wanaoshika pesa. Wapewe wiki mbili za kuangalia, kuuliza na kuandika. Fundi mzuri atawafurahia, kwa sababu wanamwondolea kazi ya kubahatisha. Fundi anayesema «hakuna haja ya maswali, nimeshatengenezea wengine», tumwombe aonyeshe kwanza namna programu yake inavyompokea mtu wa chukudu.

Ya kujadili mkutanoni

1. Ni shida gani moja tunayotaka iishe? Je, kaye mpya na mizani nzuri haziwezi kuimaliza kwa bei ndogo?
2. Mfuko ukifika depo, unapita kwa mikono ya nani mpaka mwenye mali alipwe? Chora njia nzima kwenye karatasi kubwa.
3. Tunahesabu dola kwa bei ya siku gani? Tumeandika wapi?
4. Simu zilizo kwenye orodha yetu ni za wanachama wenyewe?
5. Umeme ukikosekana siku tatu, kazi inaendelea namna gani?
6. Mwanachama asiyejua kusoma atahakikishaje hesabu yake?

Kama swali la kwanza halijapata jibu moja, pesa ya programu ibaki kwanza kwenye kase.