Kufundisha Milima ya Usambara: Kutoka Maji ya Bomba hadi Mwamba

Wanafunzi wengi wa Mkoa wa Tanga huweza kueleza jinsi Kilimanjaro ulivyofanyika, lakini wakiulizwa kuhusu Usambara, milima wanayoiona kila siku, hujibu kuwa nayo ilitokana na volkano. Jibu hilo si sahihi, na hutokana na mafundisho yanayoanzia kitabuni badala ya kuanzia mazingira. Tunapendekeza vipindi vitatu vinavyotanguliwa na swali moja: maji yanayotumika mjini Tanga yanatoka wapi? Darasa likifuata mto Sigi kwenye ramani, kutoka bwawa la Mabayani kuelekea juu, litafika katika misitu ya Usambara Mashariki.

Kipindi cha kwanza: mwamba. Mwalimu alete mawe yaliyookotwa milimani. Wanafunzi watatambua mistari ya rangi nyeupe na nyeusi. Hii ni miamba geu, iliyobadilishwa na joto na mgandamizo ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Umbo la milima lilitokea baadaye, ardhi ilipopasuka na mabonge yake kupanda au kushuka. Kuonyesha jambo hili, mwalimu abane vitabu vitatu wima kati ya viganja, kisha alegeze mikono kidogo: cha katikati kitateleza chini, vya kando vibaki juu. Ukuta wa mlima unaosimama juu ya Mombo, na bonde la Lwengera linalotenga Usambara Mashariki na Magharibi, sasa vitaeleweka.

Kipindi cha pili: hewa na mvua. Wanafunzi wapewe hesabu hii. Wastani wa joto la Tanga ni karibu digrii 26 za sentigredi. Joto hupungua kwa kadiri ya digrii 6 kwa kila meta 1,000 za kupanda. Je, Amani, palipo na kimo cha meta 900 hivi, pana joto gani? Watapata kati ya digrii 20 na 21, na ndivyo ilivyo. Kisha waulizwe: hewa yenye unyevu itokayo Bahari ya Hindi hufanya nini inapolazimika kupanda na kupoa? Mfuniko wa sufuria inayochemka utawapa jibu. Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na Tanga karibu 1,300. Lakini nyanda za Mkomazi, zilizo nyuma ya Usambara Magharibi, ni kame, kwa sababu hewa huzifikia ikiwa imekwisha kupoteza unyevu mwingi.

Kipindi cha tatu: udongo na msitu. Katika miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka misitu ya Usambara Mashariki wapande kahawa, wakiamini kuwa msitu mnene ni dalili ya rutuba. Mashamba hayo hayakustawi kama walivyotarajia. Mvua nyingi ilikuwa imekwisha kuchuja virutubisho vya udongo. Msitu ulikuwa ukijilisha kwa majani yake yenyewe yanayooza. Majani hayo na mizizi ndiyo pia yanayopokea mvua na kuiachia mtoni polepole, hata wakati wa kiangazi. Hapa mwanafunzi ataona sababu ya kuanzishwa kwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997.

Katika kupima, tusiridhike na orodha ya vimo na majina. Wanafunzi wachore mkato wa nchi kutoka Tanga hadi Mkomazi, waonyeshe mwamba, upepo, mvua na mto, kisha wajibu: msitu wa juu ukifyekwa, bwawa la Mabayani litapata nini wakati wa masika, na nini wakati wa kiangazi? Mwanafunzi atakayetaja mafuriko na matope kwanza, kisha upungufu wa maji, na kueleza sababu, atakuwa ameufahamu mlima.