Dondoo muhimu: Kuisoma picha ya sura isiyo na rangi

Ukiletewa picha ya zamani ya mtu wa Nariokotome, kando ya Ziwa Turkana, iliyopigwa kwa weusi na weupe, usiharakishe kuuhukumu wajihi wake kuwa mkali, kwani jua la adhuhuri la huko hutupa kivuli kizito chini ya nyusi, hata mpole wa watu akaonekana kana kwamba ameghadhibika.

Tazama kwanza shingo. Shanga za mwanamke wa Kiturkana, zilizopangwa safu juu ya safu hata zikakaribia kidevu, huenda zikaonekana nyeusi tititi, na ilhali si nyeusi. Filamu za mwanzo hazikuhisi wekundu, basi shanga nyekundu ziligeuka giza, na za buluu zikapauka mithili ya nyeupe.

Kisha mkono: kigoda kidogo alichokishika mzee, ekicholong, ni kiti chake mchana na mto wake usiku, nacho huzihifadhi nywele zilizokandikwa udongo zisivurugike.

Jina halimo pichani. Wafuate wazee maadamu wangali hai, uwaulize, ukaliandike nyuma kwa penseli laini, taratibu, usije ukaikwaruza sura.