Jinsi ya kupima pumzi ya injini ya trekta baada ya oveholi

Msimu wa kulima ukikaribia, trekta nyingi zinatoka kwa mafundi zikiwa na ringi mpya, laina mpya na beringi mpya. Ukiiwasha unaona bomba la kupumulia, lile linaloshuka ubavuni mwa injini, linatoa moshi. Fundi anasema "itakaa sawa tu". Jirani anasema umepigwa. Leo tujifunze kupima wenyewe, kabla hujamalizia malipo na kabla hujaamua ifunguliwe tena.

Pumzi inatoka wapi?

Injini ya dizeli inabana hewa mpaka inapata joto la kuwasha mafuta. Mlipuko ukitokea, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi, hushuka kwenye chumba cha krankishafti, kisha hutoka kwa bomba la kupumulia. Hakuna injini isiyopumua kabisa, hata ikiwa mpya. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: inapumua kiasi gani, na je, inapungua au inaongezeka?

Ringi mpya haijakaa. Inahitaji kusuguana na mikwaruzo midogo ya honi ndani ya laina mpaka vishikane. Kinachoisukuma ringi ibane ukuta ni gesi yenyewe, na gesi yenye nguvu inapatikana injini ikiwa na mzigo. Ndiyo maana kuiacha sailensa kutwa nzima "ili izoee" ni kuiharibu: ukuta wa laina unang'aa kama kioo na ringi hazikai tena.

Kabla ya kupima

Ifanyishe kazi kama nusu saa ipate moto vizuri. Injini ya baridi itakudanganya. Iweke mahali tambarare, hakikisha oili haijazidi alama ya juu ya dipstiki, na bomba la kupumulia halijaziba kwa tope au nyumba ya nyigu. Likiziba, oili itatafuta njia kwenye sili na gasketi. Usilizibe kamwe kwa sababu eti "linachafua".

Hatua za kupima

1. *Angalia moshi.* Mvuke mweupe mwepesi unaoisha injini ikipata moto ni unyevu tu. Moshi wa buluu unaoendelea, wenye harufu ya oili na matone, una maana nyingine.

2. *Kifuniko cha oili.* Kifungue, kigeuze, kilaze juu ya tundu bila kukaza. Kikichezacheza, ni kawaida. Kikirushwa, kuna shida. Kumbuka kwenye injini nyingi tundu lipo juu ya valvu, na zile roka zinatikisa hewa, hivyo hii ni dalili tu, siyo hukumu.

3. *Mpira wa maji.* Chukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ukunje kama herufi U, weka maji, upande mmoja ubane vizuri kwenye tundu la dipstiki. Uwe mrefu na uning'inie chini, maji yasiingie kwenye injini. Pima kwa rula tofauti ya urefu wa maji kati ya pande mbili. Andika, pamoja na mzunguko wa injini na saa ilizofanya kazi. Kila ukirudia, tumia mzunguko uleule.

4. *Tafuta silinda yenye kosa.* Pumzi ikitoka kwa kurukaruka, "puf... puf", huenda ni silinda moja. Mwambie fundi alegeze nati ya bomba la mafuta kwenye nozeli, moja baada ya nyingine. Silinda mbovu ikinyimwa mafuta, pumzi hupungua wazi. Mkono usiukaribie mche wa dizeli. Presha yake inatoboa ngozi, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali.

Mfano wa kweli

Kikundi kimoja cha wakulima ninachokihudumia kina MF 240, ile ya Perkins ya silinda 3. Baada ya oveholi ilipumua sana. Tuliwashauri wavute haro na tela kwa mzigo wa wastani, wakibadilisha mwendo, na kuandika kipimo saa ya 5, ya 15 na ya 25. Kipimo hakikushuka, kilipanda. Nozeli ya silinda ya pili ilipokatwa mafuta, pumzi ikatulia. Ilipofunguliwa, ringi ya juu ilikuwa imevunjika. Fundi aliona daftari, hakubisha, akafunga nyingine bila kudai ufundi mara ya pili. Bila yale maandishi, ingekuwa maneno matupu.

Uamuzi

- Pumzi inashuka kila ukipima, na oili hailiki sana: endelea na kazi. Badilisha oili na filta mapema, ifikapo saa 50 au kama kitabu kinavyosema.
- Haishuki wala haipandi baada ya saa 50 za kazi yenye mzigo: pima kompresheni silinda zote, ulinganishe.
- Inapanda, au oili inatoka kwenye sili: simamisha trekta. Kuendelea kulima kunaweza kugeuza ringi moja kuwa laina na pistoni.

Mwisho, kagua chujio la hewa na mipira yake yote. Vumbi la shamba likipita hapo, linasaga ringi mpya ndani ya msimu mmoja, na hapo fundi hana kosa.

Daftari na rula ni bei ndogo kuliko oveholi ya pili. Anza kuandika siku ileile trekta inapotoka gereji.