MAGURUDUMU YA MBELE YAENDE SAWA
Somo kwa wenye motokari zilizoinuliwa



Siku hizi, katika makazi yetu, watu wengi wana motokari ya porini: Land Cruiser, Land Rover, au pick-up. Wengi wanaiinua. Wanatia resori ndefu na mapine makubwa, ili ipite vizuri katika matope na mashimo ya njia ya shamba. Si kosa. Lakini motokari iliyoinuliwa haiendi tena kama ilivyotoka kiwandani. Asipoipima tena, mwenyewe anapanda barabara ya Likasi au ya Kolwezi, katikati ya malori ya madini na ya asidi, na volani isiyomtii. Hapo si mapine tu yanayopotea.

Leo tunakufundisha kupima magurudumu ya mbele wewe mwenyewe, nyumbani, bila mashine. Katika garaji wanaita kazi hii paralelismi.

Neno moja mbele ya yote: somo hili ni kwa motokari yako. Motokari ya kampuni hairekebishwi nyumbani. Ukiona kasoro, mwambie shefu wako, na motokari iende garaji.

MAMBO MATATU YA KUJUA

1. Kufunga na kufungua. Simama mbele ya motokari, utazame mapine mawili. Kama yanakaribiana mbele kuliko nyuma, yamefunga. Kama yanaachana mbele, yamefungua. Tofauti hiyo tunaihesabu kwa milimetri.

2. Kuinama. Gurudumu likitazamwa kutoka mbele, linasimama wima ao linaegemea ndani ao nje.

3. Kulala nyuma. Tazama kinga yako: uma wa mbele haukusimama wima, umelala kidogo kurudi nyuma. Ndiyo sababu kinga inakwenda mbele yenyewe. Motokari ni vilevile. Mulalo huo ukipungua, volani inakuwa nyepesi, hairudi katikati, na motokari inatangatanga barabarani.

KUINUA KUNABADILISHA NINI?

Inategemea motokari. Kama magurudumu mawili ya mbele yanashikwa na chuma kimoja kikubwa (esie nzima), kama katika Land Cruiser za namna ya 70 na Land Rover Defender za zamani, kuinama hakubadiliki, na kufunga hakubadiliki sana, kwa sababu bari inayounganisha magurudumu inapanda pamoja na esie. Kinachoharibika ni mulalo wa nyuma, zaidi katika zile zenye resori za mviringo mbele. Tena bari inayotoka katika boksi ya volani inakuwa na mteremko mkali, na volani inakaa upande hata motokari ikienda moja kwa moja.

Lakini kama kila gurudumu lina mikono yake, kama katika pick-up nyingi, kuinua kunabadilisha vyote vitatu. Nyumbani utapima kufunga tu, ili ufike garaji bila hatari. Mengine yanahitaji vyombo.

USALAMA KWANZA

– Fanya kazi mahali pagumu na sawa. Udongo mwekundu wakati wa mvua unameza kriki. Weka ubao mnene chini yake.
– Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Vuta freni ya mkono.
– Kriki ni ya kuinua, si ya kubeba. Ukiisha kuinua, weka viguu vya chuma (shandeli) chini ya esie kabla ya kutia mkono. Usitumie matafari: yanapasuka ghafla bila kukuonya.
– Watoto wakae mbali. Mtu mmoja tu atoe amri.

KAGUA MBELE YA KUPIMA

Kupima magurudumu yanayolegea ni kupima upepo. Jaza mapine hewa sawasawa, kushoto na kuume. Motokari ikiwa juu ya shandeli, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, rulema au pivo imechoka. Shika kushoto na kuume: likicheza, tazama rotuli za bari. Tazama kama bari imepindika kwa kugonga jiwe. Mpira wa rotuli uliopasuka unaingiza vumbi, na rotuli inakufa haraka. Badilisha kwanza vilivyochoka, kisha upime.

KUPIMA, HATUA KWA HATUA

1. Motokari ikiwa juu ya shandeli, paka chaki katikati ya kila pine la mbele. Weka msumari juu ya kipande cha mti kisichotikisika, uzungushe gurudumu polepole. Msumari utachora mstari mwembamba kuzunguka pine lote. Pine hata likiwa na kasoro, mstari huo unakwenda sawa.

2. Shusha motokari. Isukume mbele metri tatu hivi, ili resori zikae. Mtu mmoja akae kwenye freni. Magurudumu yatazame mbele kabisa.

3. Upande wa mbele wa mapine, kwa kimo cha katikati ya gurudumu, tia alama juu ya kila mstari. Pima kutoka alama moja hadi nyingine. Andika.

4. Sukuma motokari mbele nusu mzunguko, hata alama zifike nyuma kwa kimo kile kile. Kwa pine la santimetri 80, ni karibu metri 1 na santimetri 25. Usirudishe nyuma. Pima tena, uandike. Kama chuma kinazuia metri yako, shuka kidogo, lakini kimo kiwe kimoja mbele na nyuma.

5. Toa. Mfano: mbele milimetri 1492, nyuma milimetri 1486. Magurudumu yamefungua milimetri 6.

Usivute kamba kutoka pine la nyuma hadi la mbele. Katika Land Cruiser nyingi za namna ya 79, magurudumu ya nyuma yanakaribiana kuliko ya mbele, na kamba itakudanganya.

MILIMETRI 6 NI KITU?

Tuhesabu pamoja. Kila pine linachukua milimetri 3, juu ya urefu wa milimetri 800. Kwa kila metri ya njia, pine linaburutwa upande karibu milimetri 4. Kwa kilometri moja, ni zaidi ya metri 3 na nusu. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi, karibu kilometri 120, ni kama kuburuta kila pine upande metri 450 juu ya lami! Pitisha mkono juu ya pine: ukisikia meno makali kama msumeno, umejua sababu. Na pine lililokwisha upande mmoja linaweza kupasuka ukiwa na familia ndani.

KUREKEBISHA

Fuata kitabu cha motokari yako. Nyingi zinataka kufunga kidogo, kati ya 0 na milimetri 2 ao 3. Lakini Land Rover Defender ya zamani, ambayo magurudumu manne yanavuta saa zote, inataka kufungua kidogo, kati ya 0 na milimetri 2. Usifuate jirani, fuata kitabu.

Legeza vifungo vya bari inayounganisha magurudumu, uizungushe. Kama bari iko nyuma ya esie, kuirefusha kunafunga magurudumu mbele. Kama iko mbele ya esie, ni kinyume. Zungusha kidogo, sukuma motokari, pima tena. Ikitosha, kaza vifungo vyote kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu. Kifungo kilichosahauliwa ni volani iliyokatika.

Na volani iliyokaa upande? Usiitoe na kuirudisha sawa. Boksi ya volani ina katikati yake, na huko ndiko inakobana vizuri. Rekebisha urefu wa bari inayotoka katika boksi, hata volani inyooke yenyewe.

Mulalo wa nyuma uliopungua haurekebishwi kwa bari. Unahitaji silenbloki maalumu ao vipande vya kulaza esie. Hiyo ni kazi ya garaji.

JARIBU POLEPOLE

Anza mahali pasipo watu, kwa kilometri 20 kwa saa, kisha 40. Acha volani kidogo: inarudi katikati? Piga freni: inavuta upande? Kama mbele inaanza kutetemeka kwa nguvu hata volani inaruka mikononi, usipigane nayo. Shika imara, punguza mwendo polepole, simama pembeni. Usiende mbali tena mbele ya kupata sababu: rotuli, rulema, silenbloki, pine lisilo na balansi, ao mulalo uliopungua. Amortiseri mpya ya volani inaficha ugonjwa huo, haiuponyi. Kisha kilometri 50 hivi, kaza tena bulo za magurudumu na za bari.

UJIPIME

1. Mbele 1484, nyuma 1486. Magurudumu yamefunga ao yamefungua? (Yamefunga, milimetri 2.)
2. Bari iko nyuma ya esie, nawe unataka kufunga. Utairefusha ao utaifupisha? (Utairefusha.)
3. Volani hairudi katikati kisha kuinua motokari, na kufunga ni sawa. Shida iko wapi? (Mulalo wa nyuma.)
4. Kriki inashika vizuri. Unaweza kuingia chini? (Hapana. Shandeli kwanza.)

Ukijibu yote vizuri, chukua chaki, msumari na metri yako siku ya mapumziko, na mwenzako mmoja akusaidie. Saa mbili za kazi ni chache. Wanaokungojea nyumbani hawana motokari ya pili ya kukurudisha.