Somo la Kikundi: Andikeni Leo, Msingoje Kesho



Safari hii tunamtazama Emanuel Ringelblum, mwanahistoria wa mji wa Warsaw, Polandi, aliyezaliwa mwaka 1900. Mwaka 1940 Wajerumani, waliokuwa wameiteka nchi hiyo, waliwafungia Wayahudi zaidi ya 400,000 ndani ya ukuta katika sehemu moja ya mji. Njaa na maradhi yakaua watu wengi.

Ringelblum alisaidia kamati za nyumba, ambazo ni kama vikundi vyetu: watu wa ploti moja walichanga na kuwalisha maskini. Pia aliunda kikundi cha siri cha kukusanya habari. Walikutana siku ya Sabato.

Tunajifunza nini kwake?

1. Usingoje mambo yatulie. Aliandika wakati shida iko. Ukingoja iishe, utasahau mkate ulikuwa bei gani na nani alimsaidia nani.

2. Kila mtu ana la kusema. Kazi haikuachiwa wasomi peke yao. Walikusanya insha za watoto, barua, kadi za chakula, hata karatasi za peremende.

3. Mabaya nayo yaandikwe. Waliandika juu ya polisi wa Kiyahudi waliowaonea wenzao na kula hongo. Daftari la sifa tupu haliaminiki.

4. Usiweke yote mahali pamoja. Watu walipoanza kupelekwa kuuawa Julai 1942, karatasi zilifukiwa chini ya shule katika masanduku ya chuma. Mwaka 1943 nyingine zilitiwa katika mikebe ya maziwa, zikafukiwa pia.

Ringelblum, mkewe na mtoto wao waliuawa mwaka 1944. Katika kikundi chake waliookoka ni wachache sana, na mmoja tu ndiye aliyejua mahali pa kuchimba. Masanduku yalipatikana mwaka 1946, mikebe mwaka 1950. Fungu la tatu halijaonekana hadi leo. Basi fikirini: kama huyo mmoja naye angekufa, ingekuwaje?

Maswali ya kujadiliana

- Daftari letu la kikundi linakaa kwa nani? Nyumba ikiungua, nakala iko wapi?
- Nani mwingine anajua lilipo, mbali na mwandishi wetu?
- Wakati wa ukame au fujo hapa kwetu, nani aliandika yaliyotokea? Ni mzee gani tumwendee wiki hii, na kalamu mkononi, kabla hajatuacha?